Mtu wa Kawaida wa Muze

Kisa cha kuanzia sura hii nimekitunga, ingawa mkazi wa bonde la Ziwa Rukwa hatakiona kigeni. Muze iko chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale ambapo barabara ya kutoka Ntendo inamaliza kuteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa na baridi ya Sumbawanga inasahaulika. Mkulima amelala kwenye kibanda cha shambani, analinda mpunga uliobakiza siku chache uvunwe. Alfajiri anashtushwa na vishindo vya ng'ombe majini. Anatoka na panga lake. Jaruba zima limeshakanyagwa. Anamwambia mchungaji, kijana tu, aondoe mifugo. Kijana anajibu kwamba nyasi ni za Mungu, na mkulima anapozidi kufoka, anamtukania mama yake. Mkulima anamsogelea. Fimbo ya mchungaji inainuka na kumpata begani. Panga nalo linainuka, linashuka mara moja, kichwani. Kijana anakata roho kabla hajafikishwa kituo cha afya.

Nani ameua, hakuna anayebisha. Mkulima mwenyewe atakwenda kwa mtendaji wa kijiji kabla jua halijawa kali na kusema, "Nimeua mtu." Kesi za namna hii hazina fumbo la kumtafuta muuaji. Zina swali gumu zaidi: ameua kwa jinsi gani?

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina majibu matatu. Akikutwa ameua kwa kukusudia, chini ya kifungu cha 196, adhabu yake iko kwenye kifungu cha 197 na ni moja tu: kunyongwa hadi kufa. Jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua. Ni kweli kitanzi hakijatumika Tanzania tangu miaka ya 1990, na Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kupima inavunja Mkataba wa Afrika. Lakini mtu aliyehukumiwa kunyongwa anaishi chini ya hukumu hiyo kila asubuhi. Jibu la pili ni kuua bila kukusudia. Hapo kifungo kinaweza kufika maisha, lakini kinaweza pia kuwa cha miaka michache, kwa sababu hapo jaji ana uhuru wa kupima. Jibu la tatu ni kwamba hana kosa, aende nyumbani kwake.

Kati ya majibu hayo matatu pana milango miwili, na sura hii nzima inahusu milango hiyo: uchokozi na kujihami.

Watu huichanganya, na si wakulima peke yao. Anayedai alichokozwa anakiri kwamba hakutakiwa kuua, ila anaomba ieleweke kwamba hasira ilimtoa akilini. Anayedai kujihami hakiri kosa lolote. Anasema alikuwa na haki ya kufanya alichofanya kwa sababu uhai wake ulikuwa hatarini. Wa kwanza anazungumzia hasira, wa pili hofu. Sheria inamruhusu mshtakiwa kushika utetezi wa aina zote mbili, na hata asiposhika wowote, jaji analazimika kuupima kila utetezi unaochungulia kwenye ushahidi. Tena si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba alichokozwa au alijihami. Suala likishaibuka, ni upande wa Jamhuri unaotakiwa kulifuta, na kulifuta pasipo kuacha shaka.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Tatizo huanzia kituo cha polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa askari saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, na ndani ya saa hizo huandikwa maelezo ya onyo. Mkulima wetu anasimulia kwa pumzi moja: ng'ombe, mpunga, mama yake, fimbo, bega, panga. Mwandishi ni askari, na askari ana sentensi zake. "Ndipo nilipopandwa na hasira, nikamkata na panga." Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini imeshachagua mlango. Miezi, pengine miaka baadaye, baada ya "upelelezi haujakamilika, Mheshimiwa" nyingi katika mahakama ya chini isiyo na mamlaka hata ya kumtaka ajibu shtaka, wakili wake atasimama Mahakama Kuu, Kanda ya Sumbawanga, kusema mteja wake aliogopa. Wakili wa Serikali atafungua maelezo ya onyo na kuyasoma polepole. Hasira, Mheshimiwa Jaji. Ameandika mwenyewe, amesaini kwa dole gumba.

Tuupime kwanza mlango wa kujihami, kwa kuwa ndio unaofika mbali. Kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine, na kulinda mali. Watu wengi huishia hapo. Wanasema shamba ni langu, nilikuwa nalinda mali. Lakini 18B inaongeza kwamba nguvu inayotumika iwe ya kadiri, ile inayohitajika kwa ulinzi huo na si zaidi. Na 18C inataja ni lini ulinzi unaweza kufikia kuua: pale shambulio linapomfanya mtu aone kwa haki kwamba atakufa au ataumizwa vibaya, pale anapokabiliwa na mbakaji, mtekaji, mnyang'anyi. Ng'ombe anayekula mpunga hayumo kwenye orodha hiyo. Unaweza kumfukuza, unaweza kumshika na kumpeleka kwa mtendaji ili udai fidia, lakini kwa ajili yake huwezi kumuua mtu.

Kwa hiyo mpunga unatoka kwenye hesabu na fimbo inabaki. Je, pigo la fimbo begani linamfanya mtu aogope kufa? Anayejua fimbo ya mchungaji, ile iliyochongwa kwa mti mgumu na kushikwa tangu utotoni, hataharakisha kusema hapana. Fimbo hiyo inapasua fuvu. Lakini ilipiga bega, na jaji atauliza kama mkulima angeweza kurudi nyuma, na kama pigo la pili lilikuwa linakuja. Akiona kwamba haki ya kujihami ilikuwepo ila panga kichwani lilizidi kipimo, kifungu cha 18B kina jibu lake: aliyeua kwa kuzidisha nguvu katika kujihami ana hatia ya kuua bila kukusudia. Hapo hofu na hasira zinafikia kituo kimoja, kwa njia tofauti.

Badilisha jambo moja tu kwenye kisa. Tuseme kijana ameanguka, na panga limeshuka mara ya pili. Kujihami kumekwisha pale pale. Mahakama ya Rufani, katika rufaa namba 150 ya 1994 ambayo mawakili wa Tanzania huitaja karibu kila kesi ya mauaji, ilieleza jinsi nia ya kuua inavyosomwa kutokana na matendo: aina ya silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, majeraha yenyewe, maneno aliyotamka muuaji, na alivyojiweka kabla na baada ya tukio. Pigo la pili juu ya mtu aliyelala linasema mengi. Kwenda mwenyewe kwa mtendaji nako kunasema, upande mwingine.

Au tuseme mkulima hakuwa na panga. Alikwenda kulichukua nyumbani, robo saa kwenda, robo saa kurudi. Hapo mlango wa uchokozi nao unaanza kufungwa, kwa sababu kifungu cha 201 kinataka kuua kuwe kumetokea katika joto la hasira iliyosababishwa na uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa. Nusu saa ya kutembea ni muda. Wengi waliopoteza utetezi huu waliupotezea njiani, kati ya kilabu cha pombe na nyumbani.

Neno "ghafla" limewaumiza zaidi wanawake. Mwanamume aliyemfumania mkewe ana utetezi unaojulikana tangu enzi za mababu wa sheria ya Kiingereza. Mwanamke aliyepigwa miaka kumi na kumuua mumewe akiwa usingizini hana "ghafla" ya kuonyesha. Uingereza ililikabili suala hili katika kesi ya Kiranjit Ahluwalia, iliyofika Mahakama ya Rufaa 1992. Aliachiwa hatimaye, lakini kwa hoja ya hali ya akili yake, na mahakama haikuilegeza "ghafla." Bunge la huko lilitunga sheria 2009 iliyoufuta utetezi wa zamani wa uchokozi na kuweka wa kupoteza kujizuia, ambao hauhitaji ughafla. Sisi bado tuna maneno ya zamani.

Lakini katika maneno hayo ya zamani pana sentensi moja ambayo hata Waingereza walichelewa kuwa nayo, na ndiyo iliyonifanya niandike sura hii. Kifungu cha 202 kinasema uchokozi ni tendo baya au tusi linaloweza kumfanya mtu wa kawaida apoteze uwezo wa kujizuia. Kisha kinafafanua: mtu wa kawaida maana yake ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa.

Soma tena. Sheria haimuulizi mkulima wa Muze kama bwana wa London angevumilia. Mwaka 1954 majaji wa juu kabisa wa Uingereza walikataa kuangalia hali ya kijana wa miaka 18 asiye na nguvu za kiume aliyedhihakiwa na mwanamke kwa udhaifu huo. Walisema mtu wa kawaida hana udhaifu huo, kwa hiyo apimwe kama asingekuwa nao. Ilibidi kungoja hadi 1978 msimamo huo uachwe. Sheria yetu, ingawa iliandikwa na wakoloni, ilimpa mtu wa kawaida kabila, kijiji na mama wa kutukaniwa. Sijui kama waliofanya hivyo walituheshimu au walitudharau. Nadhani yote mawili, kwa kuwa nyuma ya kifungu hicho palikuwa na dhana kwamba "mwenyeji" ana damu ya moto kuliko wao. Hata hivyo, kifungu kimebaki, na kinafaa.

Tena kinataja tusi. Kwa sheria ya zamani ya Kiingereza maneno matupu hayakutosha, ila kwa nadra. Kwetu tusi limo. Na hapo ndipo jamii inapohitajika: kumtukania mtu mama yake kuna uzito gani kwenye bonde hili? Kwa watani, Mfipa na mwenzake wa kabila la utani, neno hilo hilo lingeishia kwenye kicheko na kutozana pombe. Je, kijana alikuwa mtani? Au tugeuze kisa: aliyeua ni mchungaji, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao, yeye akazaliwa hapo hapo Muze. Jamii yake ni ipi? Ya wazazi wake, ya majirani, au ya wachungaji wenzake ambao kwao kugusa ng'ombe ni kugusa mtu? Kifungu hakisemi.

Hakuna mahali swali hilo lilipowachanganya majaji kama kwenye uchawi. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya Kamcape, vuguvugu la kusafisha uchawi lililopita vijijini siku hizo: watu wakapewa dawa, wanaodhaniwa wachawi wakachanjwa, kila kijiji kikatangazwa kisafi. Vijiji vizima vilishiriki. Basi mtu wa kawaida wa jamii hiyo aliamini uchawi, na anayesema hakuamini anatunga. Sasa, mtu wa kawaida akimuona mzee uchi nyumbani kwake usiku wa manane, afanye nini?

Swali si la kufikirika. Uganda, mwaka 1941, wanaume walimkamata mtu akitambaa uchi kwenye ua wao usiku, wakamuua kwa njia ya kutisha. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba kumkuta mtu katika tendo ambalo wenyeji wote wangeliona ni la uchawi kunaweza kuwa uchokozi mkubwa na wa ghafla. Ikawa kuua bila kukusudia. Miaka kumi baadaye, 1951, mahakama hiyo hiyo iliona mlango umeachwa wazi mno, ikaweka masharti. Mchawi awe anatenda mbele ya macho ya muuaji. Tendo hilo liwe ambalo mtu wa kawaida wa jamii ya muuaji angeliamini kuwa uchawi. Liwe kosa la jinai lenyewe, na hapa Sheria ya Uchawi ya 1928 ilisaidia bila kutarajiwa, kwa kuwa inafanya hata kutishia uchawi kuwa kosa. Na mauaji yawe ya hasira. Kwa maneno ya wazi kabisa majaji walisema hofu haitoshi.

Hapo ndipo ninapokataa kukubaliana nao, ingawa nafahamu walichokuwa wakikizuia. Mtu anayeamini mwanawe analiwa usiku kwa usiku hana hasira. Ana hofu, tena hofu inayokua kila homa inapopanda. Kumlazimisha aonyeshe hasira ili asinyongwe ni kumfundisha kusema uongo kizimbani. Lakini fungua mlango wa hofu, na vikongwe wa Usukuma na wa bonde la Rukwa watauawa na watu wenye utetezi mkononi. Wengi wao hata hivyo huuawa na vijana waliokodishwa, usiku uliopangwa, kwa fedha iliyohesabiwa. Hapo hapana uchokozi wala kujihami, pana biashara.

Nani basi alikuwa anamwambia jaji mtu wa kawaida ni nani? Uingereza ina watu kumi na wawili wa baraza la mahakama, raia wasio wanasheria, wanaoingia chumbani kujadiliana na kutoka na neno moja au mawili bila kutoa sababu. Afrika Mashariki baraza la namna hiyo lilikuwa la Wazungu. Kenya ya kikoloni ilimpa Mzungu aliyeshtakiwa haki ya kuhukumiwa na Wazungu wenzake. Ndivyo Sir Jock Delves Broughton alivyoachiwa huru 1941 katika kesi ya mauaji ya Lord Erroll. Mwafrika alipewa jaji na wazee wa baraza: raia wawili au zaidi, mara nyingi watatu, wanaosikiliza kesi yote, wanaelezwa sheria na ushahidi kwa muhtasari, kisha kila mmoja anasimama na kutoa maoni yake kwa mdomo. Jaji hafungwi nayo.

Kwamba hafungwi, Kenya ililiona waziwazi. Tom Cholmondeley, mjukuu wa ukoo wa walowezi wa Delamere, alimpiga risasi askari wa wanyamapori shambani kwake mwaka 2005 akidai alidhani ni majambazi. Mwanasheria Mkuu aliifuta kesi, na dai hilo la kujihami halikupimwa kamwe mbele ya mtu yeyote. Mwaka uliofuata mtu mwingine alikufa kwa risasi katika shamba lile lile. Safari hii kesi ilikwenda hadi mwisho: wazee wa baraza walisema hana hatia, Jaji Muga Apondi akasema anayo, ya kuua bila kukusudia, akamfunga miezi minane. Wakati huo Kenya ilikuwa imeshawaondoa wazee wa baraza kwa sheria ya 2007. Kesi hiyo ilikuwa na wazee kwa sababu ilianza kabla.

Tanzania iliwashikilia kwa muda mrefu zaidi, na kwa ukali. Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu nyingi za mauaji kwa sababu ya makosa juu ya wazee: jaji hakuwaeleza sheria ya uchokozi, au mzee alimhoji shahidi kama wakili, wakati sheria inamruhusu kuuliza tu ili apate ufafanuzi. Msingi ulikuwa umewekwa na ile Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki tangu 1954: maoni ya wazee yana thamani endapo tu wameuelewa ushahidi kwa mwanga wa sheria. Ulikuwa msimamo wa haki, ila gharama yake iliwaangukia mahabusu, waliorudishwa kuanza kesi upya mashahidi wakiwa wamehama au wamekufa. Marekebisho ya 2022 yaliondoa ulazima huo. Sasa jaji akitaka anakaa na wazee, asipotaka anaendelea peke yake.

Wengi wa mawakili hawakulia. Wazee wenyewe mara nyingi walikuwa watu wa mjini Sumbawanga, wa juu ya uwanda, ambao bonde wanalijua kwa samaki na mchele unaopandishwa kwenye malori. Lakini hata yule wa mjini aliweza kusema, kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Mheshimiwa, huku kwetu tusi hilo halivumiliki," au "Mheshimiwa, huyu alikuwa na hasira za siku nyingi." Jaji, ambaye anaweza kuwa amezaliwa Moshi au Mtwara na kuhamishiwa Sumbawanga mwaka jana, aliandika maneno hayo, akayakubali au akaeleza kwa nini anayakataa. Leo anaweza kuwa peke yake na kifungu cha 202, na kifungu bado kinamuuliza juu ya mtu wa kawaida wa Muze.

Wakili mwenye akili atajaza pengo hilo kwa mashahidi. Atamwita mwenyekiti wa kitongoji aeleze migogoro ya mipaka ya malisho msimu huo. Atamwita mzee wa Kifipa juu ya tusi na utani, na mchungaji mstaafu juu ya fimbo, inapigwa vipi kutisha na inapigwa vipi kuua. Tofauti na wazee wa baraza, hawa wataapishwa, na Wakili wa Serikali atawahoji: umejuaje, unasemea nani, mbona jirani yake alitukanwa hivyo hivyo mwaka juzi na hakuua mtu? Swali hilo la mwisho mzee wa baraza hakuwahi kuulizwa na yeyote, na nadhani ni swali zuri. Tatizo ni kwamba mkulima wa Muze kwa kawaida anatetewa na wakili aliyepangiwa na Serikali, na mashahidi wake wako kilomita nyingi chini ya mlima, nauli juu yao wenyewe, msimu wa mpunga.